Kokwa ya Arubaini

Mwanangu Hamad,

Salamu zako utazipata kesho kwa mdomo, mbele ya watu, nami nitasema yale ambayo baba husema mtoto wake anapopanda meli. Hapa siziandiki. Mambo ya kanzu, dawa ya tumbo na nani usimwamini huko njiani nimemwachia mama yako, ambaye tangu asubuhi analifunga na kulifungua kasha lako na kila mara anakuta ndani yake kitu cha kumliza. Alasiri imekwisha kusaliwa. Wewe umekwenda Vitongoji kuwaaga wajomba zako, na mimi nimekaa ukumbini na kalamu, nina muda hadi Magharibi. Nisipomaliza kabla ya adhana sitamaliza tena. Najijua.

Kando ya karatasi hii kuna kokwa moja ya tende, kavu, imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Iko hapa tangu jana. Uliiona ulipopita, ukaniuliza nimepata wapi tende wakati huu, nikakwambia nimeletewa. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli, kama mengi niliyokwambia tangu uzaliwe.

Unakwenda Misri kusoma tarehe ya Waarabu na ya Uislamu. Wiki nzima hii umekuwa ukitutajia barazani majina ya miji na ya makhalifa, na mimi nikitikisa kichwa kama mtu anayeyajua yote. Baadhi nayajua. Lakini ipo tarehe moja ndogo ya Waarabu na Waislamu ambayo hutaikuta Misri, kwa sababu ilitokea hapa kijijini, baina ya msikiti na kisima, na aliyekuwa na wajibu wa kukusimulia ni mimi. Nilikusudia kufa nayo, na lau si jambo la jana ningekufa nayo.

Wewe unajiandika Hamad bin Kombo bin Faraji. Babu yako hakuitwa Faraji. Aliitwa Farijala, na umeshasoma vya kutosha kujua ni watu gani waliokuwa wakipewa majina ya namna hiyo na ni nani aliyekuwa akiwapa. Nilikwambia alikuja kutoka Mrima kwa biashara ya mikeka. Alikuja kutoka Unyasa, mtoto mdogo, kwa miguu kisha kwa chombo, na mwenye biashara alikuwa mtu mwingine. Bwana wake alikuwa Bwana Khalfan, Mwarabu wa asili ya Oman aliyekuwa na mashamba ya karafuu pande zote hizi, baba yake Bwana Nasor ambaye wewe unamkumbuka. Bibi yako naye alikuwa wa nyumba hiyohiyo. Mimi nilizaliwa uani kwao. Mama yako analijua hili, alilijua kabla sijamposa, na hajawahi kunitajia hata siku tuliyogombana. Sasa na wewe unalijua.

Nikwambie habari ya msikiti wetu ulivyokuwa. Waliojenga ni Waarabu, nao walikuwa Maibadhi, lakini tangu mwanzo tulisali humo sote. Wao mikono wameiachia ubavuni, sisi tumeikunja kifuani. Fatiha ikimalizika sisi tunaitikia Amin kwa sauti ya kutikisa makuti, wao wanyamavu. Bega kwa bega, na hakuna aliyeona ajabu. Imamu alikuwa Shehe Faki, Mshafii kama sisi, mwenyeji wa hapa, mtu mwembamba aliyependa vitu viwili, tende na sheria. Kwa kitabu chetu Ijumaa haisihi mpaka watimie wanaume arubaini, wakazi wa mahali, watu wazima, huru. Kijiji kilikuwa kidogo, kutimia kwetu kulikuwa kwa taabu, na Shehe Faki hakupenda kuhesabu watu kwa kidole kama mbuzi. Akaweka vifuu viwili vya nazi mlangoni. Kimoja kilikuwa na kokwa arubaini za tende, alizokula mwenyewe. Kila mwanaume akiingia anachukua kokwa moja, anaitia katika kifuu cha pili. Kifuu cha kwanza kikibaki kitupu, muadhini anasema, "Tumetimia," na Shehe anapanda mimbari. Kisipobaki kitupu tunasali Adhuhuri, tunakwenda zetu.

Babu yako aliingia mule kila Ijumaa akavipita vile vifuu bila ya kugusa kitu. Alikaa safu ya nyuma. Alisali, aliitikia Amin, na hakuhesabiwa, kwa sababu kitabu kinasema huru. Sirikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba hakuna tena mtumwa Unguja wala Pemba. Shehe Faki akasema, wala hakuwa mtu mbaya, kwamba karatasi ya sirikali si ulimi wa mwenye mali. Basi babu yako akawa huru kwa sirikali na mtumwa kwa kokwa. Nilikaa naye safu ile ya nyuma tangu mdogo. Zilikuwapo siku tulizopungukiwa na mtu mmoja tu, thelathini na tisa, na sisi tuko nyuma pale tumejaa afya, na Ijumaa haikusaliwa.

Bwana Khalfan alipofariki, Nasor akarithi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, umri wako. Wenyewe Maibadhi wana maneno yao kuhusu Ijumaa ya kijijini, na jamaa zake wengine walikuwa hawaji. Yeye alikuja, akasema majirani zake wanahitaji mtu. Ijumaa yake ya kwanza alisimama mlangoni akamwona babu yako anavipita vifuu. Akamuuliza, "Mzee Farijala, mbona weye hutii kokwa?" Babu yako akacheka, alikuwa na kawaida ya kucheka akiaibika, akasema, "Mie si wa kutia, Bwana."

Nasor aliingia akasali. Sala ilipokwisha alisimama mbele ya Shehe na watu wote, akasema kwa sauti ambayo mpaka leo naweza kukuigizia, "Shuhudieni. Farijala na mkewe na wanawe wote ni huru kwa ajili ya Mungu. Sina haki juu yao, mie wala watakaonirithi." Kisha akenda mlangoni, akachukua kokwa moja, akamtia babu yako mkononi.

Siku ile babu yako hakuitia kifuuni, maana sala ilikuwa imekwisha. Alikwenda nayo nyumbani, akakaa nayo wiki nzima, analima nayo, anakula nayo. Ijumaa ya pili akairejesha, na alipoiachia ikagonga kifuu nilimwona midomo inamcheza. Nami nyuma yake nikatia ya kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikajiona nimekuwa mtu. Hamad, mimi nahesabika kwa ulimi wa Nasor, na wewe pia, kwa kuwa umetoka kwangu.

Ungedhani mtu aliyetendewa hivyo atampenda aliyemtendea. Nilimpenda. Tulicheza bao barazani kwake miaka na miaka, naye alikuwa mwizi wa komwe, anaficha moja chini ya paja halafu anaapa. Harusi yangu alichinja ng'ombe yeye. Na papo hapo nilimchukia, wala sikujua kuwa namchukia. Kila aliponiita "Kombo ndugu yangu" mbele za watu, nilisikia kama ananikumbusha nani alianza kuniita hivyo. Alinipa kitu kilichokuwa changu tangu tumboni mwa mama yangu, na mimi nilitakiwa nishukuru, na nilishukuru. Sikuwa na wa kumwambia hayo. Yakakaa ndani yakaoza.

Nikenda Unguja kusoma, miaka miwili, kabla wewe hujazaliwa. Usidhani nilikwenda kuzurura, nilisoma vizuri. Nilikaa na Wahadhrami na Wangazija, niliwaona Mabohora na msikiti wao, Maithnaashari wakiomboleza Muharramu, Mabulushi na vilemba vyao. Nikajua kwamba Waislamu wana namna nyingi za kusimama mbele ya Mungu, na kila namna ina kitabu chake na wanachuoni wake na watu wake wema. Nilisoma hata kwamba Wamaliki wa Maghribi, Masunni kama sisi, wengi wao huachia mikono ubavuni kama alivyofanya Nasor. Niliandika hilo pambizoni mwa kitabu changu, na kitabu chenyewe umekitia kashani mwako. Utakuta mwandiko wangu. Niliyajua hayo yote kabla ya Ijumaa nitakayokusimulia sasa. Usije ukamwambia mtu kwamba baba yako alikosa kwa ujinga.

Nilirudi na kilemba kikubwa kuliko kichwa. Shehe Faki alikuwa amefariki, watu wakanipa uimamu, mimi, mtoto wa safu ya nyuma. Ijumaa ya tatu ilikuwa ya mvua. Watu waliingia mmoja mmoja, wameloa, na Shaame, yuleyule muadhini wetu, wakati ule kijana, kachutama mlangoni anavitazama vifuu. Kokwa ya mwisho ilibaki peke yake muda mrefu. Kisha akaingia Nasor, kanzu imemganda mwilini, kaja kwa miguu kutoka shamba la mbali ili tutimie. Akaitia. Shaame akasema, "Tumetimia."

Mimi sikupanda mimbari. Nikasema, "Ngojeni."

Nimejiuliza mara nyingi kilichonisimamisha, na jibu ni dogo na baya. Niliona yeye ndiye wa arubaini. Niliona kwamba hata siku hiyo, mimi imamu, na kilemba changu, na miaka yangu miwili ya Unguja, bila ya Nasor sisali Ijumaa. Nikamuuliza mbele ya watu, "Bwana Nasor, ukisali nyuma yangu, utaitikia Amin?"

Akadhani namtania. Akasema, "Kombo, mie nasali kama alivyosali baba yangu. Amin yenu naisikia, yanitosha."

"Basi kwa kitabu huhesabiki."

Kitabu hakisemi hivyo. Hakuna kitabu nilichokisoma kinachosema hivyo. Lakini hapakuwa na mtu mle ndani mwenye elimu ya kunikatalia, na nilikuwa nalijua hilo huku nikisema. Nikenda mlangoni, nikatia mkono kifuuni, nikatoa kokwa ya juu, ingali na maji ya mkono wake.

Mzee mmoja akapiga kelele, "We Kombo, weye nani wa kunkataa ntu msikitini mwa babaake?" Watu wakaanza kunong'ona. Nami nilikuwa naogopa, Hamad. Nilijua Nasor ana neno moja tu la kusema. Angesema, "Na weye, nani aliyekutia hesabuni?" na mimi ningekwisha palepale, maana vijana wengi mle hawakuwa wanajua. Alinitazama, na nadhani aliona kwamba ninaliogopa neno hilo. Akanyosha mkono akasema, "Hino nipe mie." Nikampa kokwa. Akaifumba mkononi, akavaa makubadhi yake, akatoka mvuani.

Tulisali Adhuhuri, watu thelathini na tisa. Na Adhuhuri, kama unavyojua, husomwa kimyakimya. Mtu nimemtoa msikitini kwa ajili ya Amin, na siku hiyo Amin haikusikika kwa mtu yeyote.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ndugu zake, wala wachumaji wake, wala wale waliompenda tu. Walihamia msikiti wa upande wa pili wa bonde. Vifuu nikaviweka juu darini. Ijumaa ikafa hapa kwetu takriban miaka ishirini. Wenye miguu walitembea hadi Chake Chake. Wazee walisali Adhuhuri, na wengine wamekufa bila ya kusali Ijumaa tena, nami ndiye niliyewaosha na kuwakafini, na watu wakanishukuru.

Nasor hakuniadhiri. Tulikutana njiani miaka mingi, na kila mara akaniamkia, "Mwalimu, kwema?" Aliacha kuniita Kombo, hilo tu. Habari ya babu yako hakumwambia mtu. Ningeweza kumwomba radhi siku yoyote ile. Nilisema baada ya karafuu, nikasema baada ya Ramadhani, nikasema baada ya Maulidi, na karafuu zilichumwa na Ramadhani ilikwisha na Maulidi yalisomwa.

Alifariki wakati wa vita, mwaka ule wa kula muhogo asubuhi na jioni. Ulikuwa na miaka kumi na minne na siku yenyewe utaikumbuka. Jeneza liliwekwa uwanjani kwao, ndugu yake akatangulia kusalisha, watu wakapanga safu. Mimi nilisimama pembeni ukutani, nimekushika mkono. Ukaniuliza, "Baba, siye hatunsalii?" Nikakwambia udhu wangu umetenguka. Ukasema, "Wangu mie upo." Nikakukaza mkono mpaka ukanyamaza.

Udhu wangu ulikuwepo. Niliogopa watu wakiniona namsalia watasema, kumbe anahesabika. Nimewasalia wezi, nimemsalia yule aliyempiga mkewe mpaka akazimia, na sikumsalia mtu aliyenipa uhuru. Nimevipekua vitabu vyangu kutafuta namna ya kulilipa hilo na sikuona. Mwenye kusamehe amekwisha kuzikwa.

Mwaka huu, unajua mwenyewe, kwa vijana waliobaleghe na wawili walioletwa na ndoa, Mzee Shaame alihesabu moyoni akanijia mbio kama mtoto. Tukavishusha vifuu, tukavifuta vumbi. Kokwa zilikuwa thelathini na tisa, na pahala pa ile iliyokosekana Shaame akatia komwe ya bao. Wewe ulikuwa ukiingia wa mwisho, umekaa na kitabu mpaka dakika ya adhana, na komwe ndiyo iliyokuwa ikikubakia. Ukaniuliza kwa nini yako wewe si kokwa. Nikakwambia moja ilichukuliwa na panya. Nilimwita Nasor panya, mbele ya mtoto wangu, ili nisitaje jina lake. Nililala na hilo na asubuhi nikasalisha.

Miezi mitatu tumesali Ijumaa. Nilipanda mimbari ile, na nikianza kusikia Amin yenu nyuma yangu nilikuwa nalia, ndiyo maana nilikuwa nakohoa. Nikadhani nimesamehewa. Mtu mzima kama mimi nilidhani hivyo.

Kisha ikaja barua yako ya Misri, na sasa jana.

Tulikuwa barazani baada ya Adhuhuri, wewe, mimi na Mzee Shaame. Shaame akasema Hamad akiondoka tunarudi thelathini na tisa, lakini amekutana na Salim bin Nasor kisimani, na Salim kamwambia, "Ijumaa ntakuja mie, nkae pahala pa Hamad, mtimie." Shaame alisema hayo akinitazama mimi. Alikuwako mlangoni siku ya mvua. Miaka yote hii hajanitajia, na jana alikuwa ananifungulia njia.

Nawe ukacheka. Hukucheka kwa ubaya, ulicheka kama mwanafunzi anayejua jibu. Ukasema, "Yuno hahesabiki, Mzee Shaame. Si Mwibadhi? Baba mwenyewe ndiye aliyesema."

Sijui ulilisikia kwa nani. Huenda kijiji kizima kinalijua, na kwao ni fatwa. Nilisikia sauti yangu, ile ya kilemba, inatoka kinywani mwako haikukosa hata herufi. Na hapo palikuwa na nafasi ya mimi kusema. Sentensi moja ilitosha. Shaame alingoja. Wewe ulinitazama ukingoja nikusifu. Nikainua kikombe cha kahawa nikanywa, na kikombe hakikuwa na kitu.

Ulipoingia ndani nilizunguka pembe ya nyumba. Juu ya kibaraza cha upande wa pili palikuwa na kijikapu cha halwa, kimefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa kokwa hii. Mama yako alikuwa uani anapepeta mchele, akaniambia, "Salim kaja, kanletea Hamad halwa ya safari. Hamkumwona? Kasimama pale ukutani kidogo, kisha kenda zake." Ukutani pale ni hatua nne kutoka tulipokaa.

Halwa ile umeila jana hiyohiyo. Ulisema tamu.

Nimekaa nikifikiri alivyokuja. Baba yake aliihifadhi kokwa hii mpaka akafa, Salim akaihifadhi baada yake, na nina yakini kwamba jana aliileta anionyeshe, ili Ijumaa aje aitie kifuuni kwa mkono wake. Alipotusikia akairejesha kwa wenyewe. Leo asubuhi nilitoka kwenda kwake. Nilifika kisimani. Nikakuta wanawake wanateka maji, nikajidai nimekuja kunawa miguu, nikanawa, nikarudi nyumbani.

Baba wengine wangekuandikia hapa: soma, wajue watu na namna zao, na ukiwajua hutawadhulumu. Mimi siwezi. Mimi niliwajua. Nilijua madhehebu kwa majina ya maimamu wao, na nilichofanya ni kutafuta ndani yake mlango wa kumtolea mtu mmoja. Huko Misri utakaa na watu wa Maghribi na wa Sham, Waturuki, Wahabeshi, watu wa Java, kila mmoja mkono wake pahala pake, na utaandika pambizoni kama nilivyoandika. Sina hakika hata kidogo kwamba itakufaa. Nimekutazama wiki nzima hii nikaingiwa na hofu. Una akili kunishinda, na una kicheko kile.

Lakini fanya hesabu hii, kwa kuwa hesabu unaiweza. Ukisema Salim hahesabiki kwa ajili ya mikono yake, basi na baba yake hakuhesabika. Na kama Nasor hakuhesabika, ulimi uliosema "ni huru" ulikuwa wa nani? Najua, najua, kitabuni huru ni huru, awe aliyempa ni nani. Sikuulizi ya kitabuni. Mtoe Nasor, na babu yako anatoka naye, na mimi natoka, na wewe unatoka, na ile komwe uliyokuwa ukiitia kila Ijumaa itakuwa imetiwa na mtu ambaye hayumo.

Kesho gari ya Mkoani itapita mbele ya nyumba ya Salim. Sikuamrishi ushuke. Siku ya jeneza nilikukaza mkono ukatii, na jana nikaona kutii kwako kulikokufikisha. Tena nikikwambia kamwombe radhi, utashuka kwa ajili yangu, na mimi naona haya kumtuma mtoto pahala ambapo miguu yangu ilikataa. Najua pia kwamba barua hii utaifungua melini, maana ndivyo nitakavyokuomba, na wakati huo nyumba yake itakuwa nyuma yako. Hata katika hili nimejipangia nisione uso wako. Ndivyo nilivyo, mwanangu, na hilo nalo ulipaswa kulijua.

Mzee Shaame anapita uwanjani, anakwenda kuadhini. Nasikia mama yako anakuita, umerudi.

Ijumaa nitaichukua kokwa hii niitie katika kifuu cha kwanza pamoja na wenzake, na ile komwe nitairudisha kwenye bao. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua kokwa zitakuwa zimetimia zote arubaini. Nitakaa mlangoni mwenyewe nizitazame zikihama. Thelathini na tisa zitahama. Moja itabaki, na mimi na Shaame tutajua ni ya nani. Kisha tutasimama tusali Adhuhuri, kimyakimya.

Baba yako,
Kombo bin Farijala